Fundi wa Ndani wa Nyamugari

Alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, sijui, na kwa miaka yote tuliyokaa ukuta mmoja sikuona sababu ya kumuuliza. Nyamugari nzima, mtaa wetu hapa Gitega, ilimwita Fundi wa Ndani, nami nitamwita hivyo hivyo. Hakugusa injini. Ukimletea gari linalotoa moshi, alikuonyesha mafundi wengine kwa kidevu bila kuinuka alipokaa. Kazi yake ilikuwa viti, kitambaa cha dari, zulia la sakafuni, na lile sanduku la katikati ambalo Gitega kila mtu analiita konsole, linaloanzia karibu na gia na kurudi nyuma hadi magotini mwa abiria wa nyuma. "Mashini iko na mafundi mingi," alikuwa akisema. "Mi niko na kazi ya batu." Batu, yaani watu.

Mimi nilimshonea. Alivua ngozi ya kiti kilichochakaa, nami nikakata mpya kwa kuifuata ya zamani, cherehani yangu ikiwa upande wa pili wa ukuta wa mabati. Asili yangu ni Makebuko, lakini nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, na tuliporudi Burundi nikakuta shamba letu halinitoshi na jembe halinitaki. Yeye alinipa kazi bila kuniuliza naenda kanisa gani. Kitu cha kwanza alichonifanyia ni kunicheka. Nilimwambia kifungo kimoja hakipo, akaita watu wa jirani waje wasikie.

"Hakipo!" akarudia, anajipigapiga paja. "Yemwe! Sikieni Kiswahili ya redio. Sisi hapa tunasema haiko, Mutanzania. Kifungo haiko, mbuzi haiko, bwana yako haiko. Kazi imekwisha."

Basi nikawa Mutanzania. Mwanzoni nilibisha, baadaye nikachoka kubisha. Na kwa kuwa sikupenda kuchekwa, nikaanza kusema kama wao: kila kitu iko, kila mtu iko.

Chombo chake kikuu kilikuwa mwiko. Nasema mwiko wa kusongea ugali, wa mti, alioukwangua kwa kisu hadi ncha yake ikawa nyembamba kama ukucha. Aliuingiza kwenye ufa wa plastiki, akaukandamiza kidogo, akausogeza, na zile klipi, yaani vidole vidogo vya plastiki vinavyobana kipande kwenye kipande, zikaachia moja baada ya nyingine bila alama yoyote. Mwiko ulikuwa wa mkewe. Mama wa watu alipokuwa hai waligombana juu yake karibu kila wiki, akija gereji na unga mikononi kudai mali yake, na fundi akiuficha nyuma ya kiti. Alipofariki, fundi aliuweka pembeni muda mrefu akawa anafanya kazi kwa bisibisi, anakwaruza magari ya watu na kutukanwa. Halafu siku moja nikauona tena mkononi mwake.

Alikuwa mchoyo wa sukari na mkarimu wa kila kingine. Alikuwa na hasira za ajabu. Mteja aliyethubutu kula mandazi ndani ya gari lililofunguliwa alifukuzwa na mandazi yake. Hakusema kwa nini, ila nilikuwa nimeshamzoea kiasi cha kuelewa: kwake gari lililovuliwa viti lilikuwa kama chumba cha mtu anayebadili nguo, na wewe hukai mlangoni kwa mtu kama huyo ukitafuna.

Chini ya viti na konsole alikuta vitu. Aliviweka kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyoning'inia darini: vibanio vya nywele, tasbihi, rozari, meno ya kwanza ya watoto, soli ya kiatu kidogo. Upepo ukipita makopo yaligongana, nami nilikuwa naomba upepo usipite. Siku moja alipita mwanamke wa Makebuko na beseni la maparachichi kichwani. Hatukuwa tumewahi kumuona. Fundi akainuka, akatia mkono kwenye kopo bila kutazama, akamfuata barabarani.

"Mama, ngoja. Hii ni ya kwako."

Ilikuwa hereni moja. Yule mama aliitazama muda mrefu. Akasema aliipoteza ndani ya gari la watu waliomsaidia usiku aliopelekwa hospitali kujifungua, na mtoto hakuishi. Hakuuliza hereni imefikaje Nyamugari. Aliichukua, akageuka alikotoka, na hakupita tena mtaa wetu kuuza. Nilimuuliza fundi alijuaje. Akanijibu kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto: "Hereni iko na sikio yake." Niliogopa, sitaficha. Jioni ile nilisali hadi mume wangu akauliza nani amekufa.

Na mtu huyu aliyeyajua magari kuliko wenye magari, hakupanda gari. Hata mara moja. Alitembea kwa miguu au kwa baiskeli. Dada yake anakaa Muyinga, na alipofiwa na mumewe, fundi aliondoka na baiskeli akafika matanga yameisha, watu wanakunja mikeka. Dada yake alimlaumu mbele za watu, ingawa mwenyewe alijua sababu. Nyamugari nzima ilijua.

Alikuwa na binti mmoja, Zaina, ambaye alikaa kwa shangazi yake huyo Muyinga. Zaina aliposwa na kijana wa Gitega. Ikapangwa aletwe nyumbani, aolewe kwa baba yake. Akapakwa hina, akapambwa, shangazi akampeleka barabarani kwa sababu gari lililokodiwa lilichelewa. Likapita gari la buluu, dereva akasema anakwenda Gitega na ana nafasi moja nyuma, katikati. Zaina akapanda. Gari likaondoka na halikufika. Halikuonekana bondeni wala mtoni, wala gereji yoyote, wala dereva hakujulikana. Huku Nyamugari wali ulikuwa umeshaiva. Wengine wanasema ulimwagwa, wengine wanasema waliula wakilia. Hapakuwa na mwili wa kuzika, kwa hiyo hapakuwa na matanga, na mama yake alikufa akiwa bado anauliza kama kuna mtu amepiga hodi.

Fundi hakutaka kingine duniani ila kujua mtoto wake yuko wapi. Ndiyo maana aliacha biashara ya nguo na kuanza kufungua magari. Alianza na ya buluu. Halafu akasema gari linaweza kupakwa rangi, akafungua yote. Kisha wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, wanapakia mabati na milango na magari mazima yaliyokufa, naye akawauliza yanakwenda wapi.

"Ng'ambo, Mzee. Wanayeyusha."

"Na wakishayeyusha?"

"Wanatengeneza gari zingine."

Alirudi, chai yake ikapoa bila kuguswa. Toka hapo akawa anafungua magari mapya kwa uangalifu kuliko yaliyochakaa. Chuma hakifi, aliniambia, kinabadilisha sura tu na kurudi. Nikamwambia Mzee, acha hayo, utaumwa kichwa. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Kila alipong'oa konsole alifanya jambo moja. Aliinamisha kichwa kwenye ule uwazi, mahali ambapo mkono wa abiria haufiki, akauliza taratibu: "Iko?" Halafu anasubiri. Nilidhani anaulizia skrubu. Nilimsikia akiuliza hivyo miaka na miaka, na kila mara nilidhani ni skrubu.

Gari la kwanza la umeme lilifika mtaani kwetu bila sisi kulisikia. Petroli ilikuwa imekuwa tabu, watu walishinda kwenye foleni na madumu yao, na wenye uwezo wakaanza kuagiza magari ya kuchaji. Niliinua macho kutoka kwenye cherehani, nikaona gari jeupe limesimama mlangoni kana kwamba lilikuwepo toka asubuhi. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mchele kutoka mtaa wa Yoba, aliyempa dereva awe anabeba abiria kati ya Gitega na Muyinga. Alishuka amekunja uso.

"Inagonga, Mzee. Huku nyuma, kwa konsole. Tok, tok, kama ukucha. Batu wanakataa kukaa katikati."

"Inaanza wapi?"

"Tukitoka Muyinga. Tukifika Gitega inanyamaza."

Fundi alilizunguka lile gari akiwa amelishika kwa kiganja. "Zile za petroli zilikuwa zinapiga kelele," akaniambia. "Ungesikia nini?"

Akamwambia mwenye gari azime na aende na ufunguo wake mbali, kwa sababu gari lile lilikuwa linaamka likiusikia ufunguo karibu. Akafungua mbele, akachomoa waya wa betri ndogo, akakaa chini na kusubiri umeme uliobaki ulale. Sakafuni mwa magari hayo mnapita nyaya nene za rangi ya chungwa, na fundi alishaambiwa kwamba hizo hazina mzaha. Alisogeza viti vya mbele hadi mwisho. Akanikalisha kiti cha nyuma, aproni yangu ikiwa sahani ya skrubu. Akainua mpira wa ndani ya sanduku, akafungua skrubu zilizofichwa chini yake, kisha akaingiza mwiko chini ya kile kipande cha nyuma chenye matundu ya hewa. Klipi zikaachia. Akachomoa waya wa kuchajia simu, akalivuta sanduku lote nyuma na juu, likatoka.

Niliona nafasi ya klipi moja iko tupu. Nikasema moyoni, hiyo ndiyo inayogonga, kipande kinachezacheza. Nikaanza kupapasa kwenye zulia. Fundi alikuwa ameshainama, kichwa chake chote ndani ya uwazi, nami sikuwa namtazama. Vidole vyangu viliigusa klipi chini ya ukingo wa zulia wakati ule ule aliouliza.

"Iko?"

"Iko," nikasema. "Iko hapa, Mzee."

Hakunyoosha mkono kuipokea. Mgongo wake ulikakamaa. Ndipo nilipoisikia harufu. Gari lile lilikuwa jipya, lilinuka plastiki na gundi, lakini kutoka kwenye ule uwazi ilipanda harufu ya hina mbichi, ile inayokaa chumbani wanawake wakishampaka bibi harusi. Nilidhani inatoka barabarani. Nikatazama nje, barabara ilikuwa tupu. Fundi akasema ndani ya lile tundu kwa Kirundi, sauti ya mtu anayemwamsha mtoto: "Mwana wanje, ndaje." Mwanangu, nakuja.

Alilirudisha sanduku kwa mkono mwepesi sana. Aliuelekeza mrija wa hewa kwenye tundu lake, akaunganisha waya, akabana klipi moja moja kwa dole gumba hadi kila moja ikalia. Ile niliyoiokota ilibidi nimtie mkononi mwenyewe. Mwenye gari alipowasha na kulizungusha mtaani, alirudi akicheka kwamba limenyamaza.

"Gari hii inaendaga Muyinga kila siku?" fundi akamuuliza.

"Kila siku, Mzee."

"Bon. Kesho mi nitapanda."

Watu walikuja kushuhudia. Fundi wa Ndani alipanda gari, akakaa nyuma dirishani, mkono wake juu ya konsole, akaenda Muyinga na kurudi. Kesho yake tena. Gereji ikafungwa. Viti vya watu vilibaki bila ngozi, sponji zikaliwa na panya, na wateja wakaja kunigombeza mimi. Alikonda. Walioanza kwa kumcheka waliacha, kwa sababu kila gari likifika Gitega alikataa kushuka hadi dereva ambembeleze, na aliposhuka alitazama kiti cha nyuma kwa uso ambao hakuna aliyependa kuuona mara mbili.

Asubuhi moja alipita kwangu akiwa anawahi gari. "Mutanzania," akasema, "Mungu akubariki. We ulisema iko." Akaenda zake. Mimi nikabaki na mguu kwenye cherehani. Kwa Kiswahili nilichosoma shuleni, mtu yuko na kitu kipo, na hakuna anayeweza kuvichanganya. Kwa Kiswahili chao neno ni moja. Miaka yote hakuwa anaulizia skrubu. Nikaona aibu na hofu kwa pamoja, na nikaapa nitamwambia.

Haikuwa rahisi, maana hakukaa chini. Ilibidi safari ya ngozi za plastiki, zile zinazoingia kutoka Tanzania kwa mpaka wa Kobero, inipeleke Muyinga. Nilipita kwa dada yake. Alinipa chai, akanishika mikono yote miwili.

"We ndiye ulimwambia iko," akasema. "Mwambie ilikuwa klipi. Tafadhali, dada yangu. Hali, halali. Atakufa ndani ya ile gari, na mi nilishapoteza mutoto wao, sitapoteza na yeye."

Nilimkuta fundi kwenye maegesho, ameshaketi mahali pake. Mbele alikaa abiria mmoja aliyekwisha kulala. Nilizungukia mlango wa upande wa pili, nikaketi, na katikati yetu pakabaki nafasi. Mkanda wa nafasi hiyo ulikuwa umefungwa, umekaza juu ya kiti kitupu. Nikataka kuufungua nijinyooshe.

"Mama, wacha hiyo," dereva akasema haraka. "Ukifungua, gari italia. Toka konsole irudishwe, inadhani iko mutu. Fundi wa umeme ameshindwa."

Tukaondoka. Gari halikutoa sauti, vilima vilipita, nami nilikuwa nasikia pumzi ya fundi. Nikajipa moyo.

"Mzee, siku ile nilikuwa na klipi mkononi. Nilikujibu habari ya klipi. Sikumuona mtu. Nakuomba, rudi kazini, rudi kula."

Alitabasamu. Sikuwa nimetegemea tabasamu.

"Mi najua," akasema. "We ulijibu ya klipi. Lakini mi sikuuliza we, Mutanzania. Mi niliuliza ndani." Akaipapasa konsole. "Na mulijibu wawili. Ya kwako ilitoka nyuma. Ingine ilitoka huku chini."

Nilisogea dirishani, na sitasema nilisogea kumpisha nani.

"Donc kupatikana, amepatikana," akaendelea. "Tabu yangu ni ingine. Tunafika, namwambia tushuke, hashuki. Nimewaza, nimewaza, alors nikaelewa. Mi niko baba. Bibi harusi hashushwi na baba yake. Anapokelewa na mama, mama anafungua mlango, anashika mukono, anasema karibu. Mama yake haiko tena. Mi nitaomba nani?" Alinitazama, na macho yale ya mtu mkali yalikuwa yamejaa maji. "Mi nakuomba we."

Mimi ni mtu wa kanisa. Nina mume, nina watoto, nina jina mtaani. Nilikuja kumwondolea mzee wa watu tumaini la uongo, na dada yake alikuwa ananisubiri Muyinga na jibu. Nilimuonea huruma. Nikamwambia dereva asiishie maegeshoni, atupeleke hadi Nyamugari.

Tulifika jua bado liko juu. Watu walikuwa wamekaa vibarazani, wauza ndizi walikuwa wanauza. Fundi alishuka upande wake, akasimama barabarani mikono imening'inia, mtu aliyefanya yote anayoyaweza. Mimi nikashuka, nikaushika mlango wazi, nikainama ndani. Nikaufungua ule mkanda.

Gari likaanza kulia. Mlio mwembamba, wa haraka, ule wa kudai abiria ajifunge. Watu wakageuka. Dereva akanitazama kwenye kioo. Nikanyoosha mkono wangu ndani, kiganja juu, mbele ya mtaa mzima.

"Karibu nyumbani, Zaina," nikasema. "Karibu, mwanangu. Tumekungoja."

Gari likaendelea kulia. Sikuurudisha mkono. Ulikuwa unaniuma bega, ulikuwa mzito, na nilijua nikiurudisha sasa yule mzee hatasimama tena.

"Polepole," fundi akaniambia kutoka nyuma. "Shangazi yake alimuvalisha nguo ndefu. Itabanwa na mulango."

Nikainama, nikaiinua ile nguo. Gari likanyamaza.